Jani la Mkoko Linaishia Wapi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kufagia ufuo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na hoteli moja huko Diani, pwani ya Kenya, ilikuwa ikichukua vibarua msimu wa kusi. Kila alfajiri tulikuta bahari imetandika mwani mchangani, tabaka juu ya tabaka, mwingine mbichi wa kijani, mwingine umeshakuwa kahawia, na sharti mgeni wa kwanza kuteremka na taulo lake akute mchanga mtupu. Reki, wilbaro, shimo nyuma ya jikoni. Shimo likijaa, tunatia moto. Mwani mkavu hutoa moshi mzito wa chumvichumvi, na moshi ule ulikaa kwenye shati langu mpaka shati lenyewe likachakaa.

Siku moja mjomba wangu alipitia pale kuuza tafi jikoni. Alikuwa mtega malema katika ghuba ya Gazi, kwetu. Akasimama kando ya shimo, akautazama moto kwa muda, kisha akasema:

"Mjomba, chakula cha wenyewe hicho mnachokichoma."

Kwetu jina la mjomba huenda na kurudi: mimi namwita yeye mjomba, naye ananiita mimi mjomba. Nikamuuliza wenyewe ni kina nani. Akainua kapu lake, ndani yake tafi wawili watatu bado wanapiga mikia. "Hawa. Na wengine usiowajua."

Imepita miaka zaidi ya ishirini. Leo nafundisha bayolojia katika shule ya sekondari, mjomba ameshatangulia mbele ya haki, na maneno yale hayajaniacha. Hao wengine nisiowajua nimewatafuta kwenye vitabu, kwenye majarida ya wanasayansi, na zaidi kwenye tope la Gazi maji yakiwa yamekupwa, suruali nimeikunja mpaka magotini.

Nilianza na jani. Nilipokuwa mdogo mjomba alinichukua kwenye mtumbwi kupitia mkono wa maji unaokata msitu wa mikoko. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, na majani ya manjano yalitangulia mbele yetu, mamia, yakielea kimya kuelekea mlangoni mwa ghuba. Nikauliza yanakwenda wapi. "Baharini." Baharini wapi? "Yanakokwenda." Baadaye, nilipokuwa mwalimu, nililijibu swali hilo ubaoni kwa ujasiri mkubwa: jani la mkoko linaanguka, linaoza, linakuwa rutuba, rutuba inatoka na maji, inalisha samaki, inalisha matumbawe. Mshale mmoja mrefu kutoka mtini hadi mwambani. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wa miaka mingi. Mshale ule ulikuwa umekosewa, na kosa lake ndilo lililonifanya nipende kuisoma bahari.

Kwanza jua, maana bila jua hakuna cha kueleza. Wahenga walisema samaki mkubwa humla mdogo, na watu huitumia methali hiyo kueleza dhuluma. Mimi huitumia darasani kama hesabu. Nguru anakula simu, wale samaki wadogo wa baharini. Simu anakula vidudu vidogo vinavyoelea majini, na vidudu hivyo vinakula vijimea visivyoonekana kwa jicho, ambavyo ndivyo pekee katika ukoo huo vyenye uwezo wa kula mwanga. Kila mdomo unapokula, sehemu kubwa ya chakula huishia katika kuogelea, kupumua, kukimbia adui, kutaga mayai, na katika mabaki yasiyomeng'enywa. Kinachogeuka nyama ni kidogo. Mwaka 1942 Mmarekani kijana, Raymond Lindeman, aliyekuwa amepima kwa miaka kadhaa ziwa dogo la Minnesota, aliiandika hesabu hii kwa namna ambayo haijasahaulika. Alifariki akiwa na umri wa miaka 26, miezi michache kabla ya makala yake kuchapishwa. Kutokana na kazi ya aina hiyo walimu tulipata kanuni ya moja kwa kumi. Si sheria ya mbinguni. Mahali pengine huwa chini ya hapo, pengine juu. Lakini chukua nguru wa kilo 5 aliyelala kwenye meza ya mchuuzi. Kwa hesabu ya mkato amekula simu kilo 50. Simu hao wamekula vidudu kilo 500. Vidudu vimekula vijimea kilo 5,000. Tani tano za mwanga wa jua uliokamatwa, na nguru mmoja unambeba begani.

Ndiyo maana simu hujaza ndoo na nguru huuzwa kwa vipande. Ndiyo maana pia tafi alikuwa samaki wetu wa kila siku: yeye hangoji ngazi nne. Anakula nyasi za bahari na utelezi unaoota juu yake, mwanga kwa mkono mmoja tu. Bahari yenye tafi wengi ni bahari yenye jiko karibu na shamba.

Nyasi za bahari hazifanani na mwani wa kweli, ingawa kwetu jina ni moja. Zina mizizi, zina maua, zina mbegu. Wazee wake walikuwa mimea ya nchi kavu waliorudi majini zamani sana. Kile nilichokuwa nikikifagia Diani kilikuwa ni hizo, zimeng'olewa na mawimbi ya kusi.

Nishati hupita mara moja. Jani likichoma sukari yake, au kaa akiichoma kwa niaba yake, joto linatoka na halirudi tena. Jua lazima lichomoze kesho kulipa upya. Ila naitrojeni na fosforasi hazina kwa kwenda. Chembe ile ile ya naitrojeni iliyokuwa kwenye jani inaweza kuwa leo katika nyama ya kaa, wiki ijayo katika bakteria, mwezi ujao katika unyasi, na baada ya hapo katika ubavu wa tafi aliyekaangwa na mama karanga kando ya barabara ya Gazi. Mwanasayansi Alfred Redfield aligundua tangu 1934 kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini, popote duniani, vina mchanganyo unaokaribiana sana. Siku hizi tunaufundisha kuwa chembe 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Ni kama kipimo cha mapishi ambacho bahari nzima imekubaliana. Ikikosekana ile moja, zile 106 hazipikiki, hata jua liwe kali namna gani.

Na kukosekana ndiyo hali ya kawaida ya maji yetu. Mgeni akitua Diani anasifu usafi wa maji, na ana haki, ni mazuri mno. Lakini maji ya samawati yanayoonyesha mchanga chini ni maji yenye njaa. Kila kinachokufa huzama, na kikizama hubeba rutuba yake kwenda chini ambako mwanga haufiki. Maji ya joto yakikaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, ile rutuba ya chini haipandi. Katika bahari ya namna hiyo, anayetawala ni kijimea kimoja kidogo kupita kiasi, Prochlorococcus, kilichogunduliwa katika miaka ya 1980 tu, ingawa tone chache za maji ya tropiki zinaweza kubeba chembe zake maelfu kwa maelfu. Ni kidogo hata vidudu vinavyoliwa na simu haviwezi kukichuja. Kwanza kiliwe na kiumbe cha chembe moja, nacho kiliwe na kingine, ndipo kidudu kipate kitu cha kukamata. Kila mdomo unaoongezeka katikati unakula sehemu yake tisa. Kwa hiyo si kwamba bahari yetu haina uhai. Uhai upo mwingi, ila unazungushwa katika duara dogo la viumbe visivyoonekana, na kinachobaki kwa nguru ni makombo ya makombo.

Mahali pengine upepo huivunja njaa hiyo. Kusi hilo hilo linalotuletea mwani, likifika Somalia hulikokota maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya chini yenye rutuba yanapanda. Pale ni miongoni mwa mahali pa bahari penye neema kubwa duniani kwa miezi ile. Kwetu kusini neema hiyo hatuipati. Tunayo nyingine ndogo, ya kaskazi. Bahari ikitulia, mvuvi huona juu ya maji michirizi ya rangi ya kahawia kama vumbi la msumeno wa seremala. Wengi hudhani ni uchafu wa meli. Ni kiumbe anayeitwa Trichodesmium, na kazi anayoifanya viumbe wachache wanaiweza: anaivuta naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walimpima katika maji ya pwani ya Tanzania na kumkuta kwa wingi msimu wa kaskazi. Na meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, iliyopita pwani ya Kenya mwaka 1992, ilimkuta kwetu pia. Mkunde wa baharini, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi, kwa sababu wote wamewahi kuona mama zao wakipanda kunde kwenye mahindi.

Sasa lile jani.

Ghuba ya Gazi iko Kwale, yapata kilomita 50 kusini ya Mombasa. Rasi ya Chale inaikinga kwa mashariki, mwamba unaikinga kwa kusini, mito miwili midogo, Kidogoweni na Mkurumudzi, inaingia mvua zikinyesha. Ukitoka nchi kavu kuelekea baharini unakuta mambo matatu yamepangwa kama vyumba vya nyumba moja: mikoko, kisha nyasi za bahari, kisha matumbawe. Ni nadra kuyapata yote matatu karibu hivi, na ndiyo sababu watafiti wameijia Gazi kwa miongo mingi, hata watoto wa kijijini huwa hawashtuki kuona mzungu au msomi wa Kikenya akipima matope kwa kijiko.

Mkoko wenyewe ni bahili. Kabla jani halijadondoka, mti unaifyonza sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo na kuirudisha kwenye tawi. Ule umanjano tunaouona ni dalili ya jani lililokwishanyonywa. Kinachoanguka ni kama kuni: kaboni tele, uchachu mwingi, rutuba chache. Na likianguka, mara nyingi halifiki popote. Kaa wadogo wa msituni wanatoka mashimoni, wanalikamata, wanaliburuta chini. Katika sehemu nyingine za Gazi ni konokono wa topeni, wale wenye gamba refu lililochongoka, wanaolizunguka jani moja kwa makumi kama watu kwenye sinia ya pilau, na kabla maji hayajajaa jani limekwisha. Nimekaa kwenye mizizi ya mchu nikiwahesabu. Nilifika 43 kwenye jani moja, nikaacha kwa sababu maji yalinifikia.

Linaloingia shimoni linaingia dunia isiyo na hewa. Tope la mikoko, vidole vichache tu chini ya uso wake, halina oksijeni, na bakteria waishio humo hupumua salfeti ya maji ya bahari badala yake. Harufu ya mayai viza unayoipata ukikanyaga ni pumzi yao. Huko jani huoza polepole sana, lingine halimalizi kuoza katika karne nzima, na ndiyo sababu tope la mikoko huhifadhi kaboni nyingi kuliko udongo wa misitu mingi ya bara. Lakini tope hilo pia ni soko la naitrojeni. Bakteria na kuvu wanaolivamia jani wanaiokota naitrojeni kutoka kwenye maji yanayowazunguka na kuijaza ndani ya lile jani-kuni. Jani bovu la wiki sita lina lishe kuliko jani lililoanguka leo. Kaa anayekula uozo anakula bakteria zaidi ya anavyokula jani. Na kila shimo la kaa linaingiza maji mapya na hewa chini, mizizi ya mti ikanywa, mti ukapata tena kile ulichokitoa. Mzunguko mzima unaweza kufanyika ndani ya hatua kumi kutoka shinani. Hapo ndipo palikuwa pa kuanza mshale wangu wa ubaoni, na ungekuwa duara.

Hata hivyo majani niliyoyaona utotoni yalikuwa yanatoka kweli. Yanakwenda wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa Uholanzi na Kenya waliliuliza swali hilo hilo pale pale Gazi, na matokeo yao yakachapishwa 1994. Njia yao ilikuwa nzuri mno, nami huieleza darasani kila mwaka. Kaboni nyingi ina uzito wa 12, ila takriban chembe 1 katika kila 100 ina uzito wa 13. Mkoko, unaovuta hewa, huwa na chembe nzito chache kuliko nyasi za bahari, ambazo huchukua kaboni yake majini. Kwa hiyo kila mmoja ana alama, mfano wa chapa ya ng'ombe, ambayo haifutiki hata akichinjwa na kusagwa. Chota maji, chota mchanga, choma, pima, utajua ni mabaki ya nani. Walichota kuanzia mikokoni, wakapita kwenye nyasi, wakafika hadi mwambani.

Alama ya mkoko ilikuwa kali karibu na msitu, ikafifia kwa haraka ndani ya nyasi, na walipofika kwenye matumbawe ilikuwa karibu haipo. Nyasi zilikuwa zimelikamata jani. Majani yake marefu yanapunguza kasi ya maji, chembe zinazoelea zinatua, mizizi inazishika. Na si hivyo tu: maji yanapojaa, vipande vya nyasi navyo hubebwa kuingia mikokoni. Mikoko na nyasi hupeana. Mwamba, kule nje, hupata maji yaliyochujwa.

Miaka michache baadaye samaki wa ghuba ile wakapimwa kwa njia ya chapa. Hapo nilitegemea mkoko upate ushindi wake, kwa sababu kila bango la mazingira nililowahi kuliona linasema mikoko huwalisha samaki. Nyama ya samaki wengi ilikuwa na alama ya nyasi. Wanakimbilia kwenye mizizi ya mikoko kujificha, hasa wadogo. Chakula wanakifuata kwenye nyasi. Samaki aitwaye tembo akiwa mchanga, changu mchanga, wanakulia huku ndani, na wakikomaa wanahamia mwambani. Kwa hiyo rutuba ya ndani hufika kwenye matumbawe, ila haifiki kwa kuelea. Inafika na mapezi. Samaki akilala mwambani mchana baada ya kula nyasini usiku, naitrojeni ya chakula chake humtoka kupitia matamvua, kidogokidogo, juu ya matumbawe yenye njaa, kwa kipimo ambacho matumbawe yanakiweza.

Hicho kipimo ndicho kiini cha jambo. Kuna fumbo ambalo wanasayansi wamelipa jina la Charles Darwin: jinsi mwamba uliojaa uhai unavyosimama katikati ya maji yasiyo na kitu. Jibu liko ndani ya nyama ya tumbawe: vijimea vinaishi humo, vinakamata mwanga, na vinaweza kumpa mwenyeji wao hadi asilimia 90 ya nishati yake, naye huvirudishia naitrojeni yake mwenyewe badala ya kuimwaga. Nyumba isiyotupa kitu. Ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya uhaba, na ukiimwagia wingi inaharibika. Rutuba ikizidi, majani laini yenye kukua upesi hulifunika tumbawe, maji hupata ukungu, mwanga hupungua. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi ya Kenya yaligeuka meupe, mengi yakafa. Na mwamba uliokwisha kuumwa na joto unapona kwa tabu zaidi ukiwa kwenye maji machafu.

Basi kile mkoko na nyasi wanachoupa mwamba ni kile wanachouzuilia. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Nilizoea kufikiri kwamba wema wa kiumbe kwa kiumbe ni kutoa. Hapa wema mkubwa ni kushika, kula, kuzungusha nyumbani kwako, na kumpelekea jirani maji matupu ambamo anaweza kuishi.

Hapo nikaikumbuka ile hoteli, na sikulala vizuri. Tulikuwa tukizoa mwani ambao bahari ilikuwa imeuleta ufuoni. Mwani ule unapoachwa, viroboto wa mchangani na kaa wadogo huula usiku, ndege hula wale viroboto alfajiri, bakteria humaliza kilichobaki, na maji ya bamvua huchukua rutuba kuirudisha nyasini. Sisi tuliichoma. Naitrojeni yake kubwa ikaenda hewani na moshi. Wakati huo huo maji ya vyoo na jikoni ya wageni mia kadhaa yalikuwa yakiingia mashimoni, na ardhi ya Diani ni mawe ya matumbawe ya kale, yenye matundu kama sifongo. Unachokimwaga shimoni kwenye mawe ya namna ile hakikai shimoni. Kinashuka na maji ya chini hadi baharini, na upande ule mbele yake hakuna mkoko wa kukisubiri. Mkono mmoja uliunyang'anya ufuo chakula chake, mkono wa pili ukaumwagia mwamba chakula usichokitaka. Wala simlaumu mwenye hoteli peke yake. Choo cha kwetu nyumbani nacho kimechimbwa kwenye mawe yale yale.

Gazi ilijua zamani kinachotokea tope likivuliwa nguo. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya upande wetu ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda, tanuri za chokaa na matofali. Watu wa pwani tumekata mikoko miaka na miaka, pau, mazio, boriti, lakini boriti huchaguliwa. Huku kulikuwa kufyeka. Mama aliniambia kwamba baada ya kufyekwa tope lilikauka na kupasuka jua la mchana, chumvi ikalala juu yake nyeupe, na kaa wakaondoka. Bila kivuli, bila majani, bila mashimo, hakuna wa kuzungusha. Na miche ilishindwa kuota yenyewe, kwa sababu bahari iliyatandaza matope ile mizizi ilipokosekana. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walipanda upya, mche kwa mche, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao unatunza hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa. Pesa zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule kwa Gazi na Makongeni. Ulikuwa miongoni mwa miradi ya kwanza ya namna yake duniani, na ninajivunia kila nikiona mgeni akishangaa kusikia umeanzia kwetu.

Lakini ninalo neno. Kaboni inahesabiwa kwa sababu ina mnunuzi. Naitrojeni inayoshikwa na nyasi za ghuba haina mnunuzi, na nyasi hazina hata walinzi. Nyavu za kukokota zinapita juu yake, nanga zinazichimbua. Mtu akiangusha mkoko mmoja anashtakiwa; akiling'oa shamba zima la nyasi chini ya maji hakuna anayemwona. Kama kuna kitu kimoja ningetaka mpango wowote wa bahari yetu uanze nacho, ni kile chumba cha katikati, kwa sababu ndicho kinacholikamata jani na ndicho kinachomlisha samaki. Tumekipa jina la mwani, jina la takataka za ufuoni, na tumekiacha hivyo.

Jambo la wavuvi nalo liko hapa. Zamani tafi wa Gazi alikaangwa Gazi, akaliwa Gazi, na mifupa yake ikabaki Gazi. Sasa sehemu ya samaki hupanda gari la barafu. Kila sanduku linaloondoka limebeba fosforasi iliyochukua muda mrefu kukusanyika ghubani. Sisemi samaki wasiuzwe. Mjomba alinisomesha kwa tafi aliowauza. Nasema tu kwamba wenye mashamba ya bara wanajua mahindi yakiuzwa sharti samadi irudi, na sisi wa baharini tumezoea kuchukua bila kuuliza nani anaweka.

Mwezi wa nane uliopita nilipeleka wanafunzi Diani, na baada ya kuwapakia kwenye basi nilibaki kutembea ufuoni peke yangu. Ilikuwa kusi, mwani umejaa. Kijana mmoja alikuwa anauzoa mbele ya hoteli, si ile yangu, nyingine, wilbaro yake ina gurudumu linalolia. Nikamsalimu, nikamweleza kwamba nami niliifanya kazi hiyo. Tukazungumza. Nilimwambia habari za tafi na viroboto wa mchangani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shida ni kwamba msimamizi akipita saa kumi na mbili asubuhi akaukuta, mwalimu, kibarua hakuna." Nikamuuliza mwani anaupeleka wapi. Akanionyesha shimo kwa kidole.

Hapakuwa mbali na mwisho wa ua wa hoteli. Ng'ambo ya ua kuna kipande cha ufuo ambacho hakina wageni, mawe mengi na mikadi, mahali ambapo hakuna anayelipwa kufagia. Nikavua viatu. Tulisukuma wilbaro saba kwa zamu, tukamwaga chini ya alama ya maji ya juu, na kila tulipomwaga mchanga ulianza kurukaruka. Ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yanajaa, na kufikia saa kumi jioni yalikuwa yameligusa lile rundo upande mmoja, yakaanza kulibomoa, vipande virefu vya kijani vikigeuka na kurudi ndani.